Walikaa bunge moja zaidi ya miaka 70: ilikuwaje utumwa ukawafikisha Wamarekani vitani?

Jora la Gongoni (Tabora)

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Nauza vitambaa hapa Tabora mjini. Mbele ya duka kuna benchi niliweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri kukatiwa, siku hizi limekuwa kijiwe na kahawa inaletwa hapo hapo. Ubishi wa wiki hii kauleta binti yangu, yuko kidato cha tano, HGK, kaja likizo na daftari lake. Limeandikwa kwamba vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ilisababishwa na utumwa. Mzee mmoja akalisoma, akavua miwani, akasema huo ni uongo wa vitabu: walikuwa wanagombea haki za majimbo, utumwa umepachikwa baadaye ili vita ionekane ya haki. Dogo wa bodaboda akadakia kwamba ni ushuru wa forodha, kaona kwenye simu.

Mimi nimebaki na mawili yananisumbua. La kwanza, hawa watu waliandika katiba pamoja na wakakaa bunge moja zaidi ya miaka 70, utumwa upo na kila mtu anauona. Kwa nini bunduki zilie 1861, si 1800 wala 1830? Kilibadilika nini?

La pili, daftari hilo hilo linasema pamba ya Kusini ndiyo iliyokuwa inaendesha viwanda vya nguo vya Kaskazini. Sasa mtu na mteja wake mkubwa wanafikaje kupigana mizinga? Mimi na wanaoniuzia mzigo Dar tukikosana leo, kesho asubuhi tunapigiana simu.

Nawasilisha.

Kibirizi Mwisho wa Lami (Kigoma)

Mkuu hujasema mnakosana kwa sababu gani, maana najua ni deni 😂

Wenye elimu waje. Yule mwalimu wa Ujiji bado yupo humu?

Mwl. Mstaafu, Ujiji

Nipo. Marahaba bwana Jora, na binti nimsalimie. Nimefundisha historia sekondari mpaka kustaafu, sasa nauza mawese, kwa hiyo nafasi ninayo. Anayetaka jibu la mistari miwili apite tu.

Nianze na swali lako la pili maana linakugusa dukani. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapo hapo kwenu Unyanyembe, Novemba 1857, mtu alilipia safari kwa shanga, kwa nyaya za shaba na kwa nguo. Nguo iliyotangulia zote ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa. Meli za Salem, Massachusetts, ziliileta Unguja, wapagazi wakaibeba kichwani mpaka Tabora, na nyingine ikaja mpaka huku ziwani. Ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Ikifika huku inanunua pembe za ndovu, na mara nyingine inanunua watu. Pembe nazo zinapelekwa Connecticut kuchongwa vibonye vya piano. Kwa hiyo anayetafuta Kaskazini yenye mikono misafi, ajue hata babu zetu walilipwa kwa jasho la watumwa wa Mississippi bila kuwajua.

Sasa Boston kulikuwa na tajiri mmoja anaitwa Amos Lawrence. Ukoo wake ulitajirika kwa nguo za pamba. Kisiasa alikuwa chama cha Whig, mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Utumwa haupendi, lakini uko mbali, na pamba inakuja.

Mwaka 1850 Bunge lao lilifanya mapatano makubwa. California iingie kama jimbo lisilo na watumwa, na Kusini wapozwe kwa sheria mpya ya kuwarudisha watoro. Hiyo sheria muisikilize vizuri. Mtu mweusi akikamatwa Boston au Ohio anapelekwa mbele ya kamishna. Hana haki ya kutoa ushahidi wake mwenyewe, na hakuna jopo la raia la kuamua kesi. Kamishna akiamua arudishwe utumwani analipwa dola 10, akimwachia analipwa dola 5. Na raia yeyote anaweza kuamriwa asaidie kukamata.

Mei 1854 wakamkamata Boston kijana aitwaye Anthony Burns, mtoro kutoka Virginia. Watu wakavamia jengo la mahakama usiku, mlinzi mmoja akauawa, Burns hakutoka. Tarehe 2 Juni akateremshwa bandarini kwa miguu katikati ya askari wenye bunduki. Barabara imejaa maelfu ya watu wanazomea, madirishani kumetundikwa vitambaa vyeusi, na juu ya mtaa kumening'inizwa jeneza lililoandikwa Uhuru. Jeshi zima kumsindikiza mtu mmoja melini. Lawrence aliandika siku zile kwamba walilala wakiwa Whig watulivu wa mapatano, wakaamka wendawazimu wa kupinga utumwa. Huyo ndiye mteja mkubwa wa pamba, bwana Jora.

(Watu wa Boston walikuja kumnunua Burns mwaka uliofuata, wakamwacha huru. Hilo halikupunguza hasira.)

Siku hizo hizo za mwisho wa Mei 1854 rais Pierce alitia saini sheria ya Kansas na Nebraska, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Tangu 1820 kulikuwa na mstari kwenye ramani: Missouri iingie na watumwa, Maine iingie bila watumwa, na katika nchi zile zilizobaki juu ya nyuzi 36 na dakika 30 utumwa usiingie. Seneta Stephen Douglas wa Illinois alitaka eneo lile la magharibi lifunguliwe, reli ipite. Alihitaji kura za Kusini, na bei yao ilikuwa kufutwa kwa mstari. Douglas akasema basi watakaohamia huko wapige kura wenyewe, watake utumwa wasitake.

Ukiisikia ni demokrasia safi. Ila mkiwaambia watu kwamba watakaowahi kufika wengi ndio watakaoamua, kila upande utabeba watu wake, na watu hawaji mikono mitupu. Uchaguzi wa Kansas wa Machi 1855, wanaume wa Missouri walivuka mpaka kwa makundi, wakapiga kura, wakarudi kwao. Kura zikazidi mara mbili ya wapiga kura walioandikishwa. Upande wa pili Lawrence alimwaga fedha kuwasafirisha walowezi wa Kaskazini, na baadaye bunduki. Mji wao wakauita Lawrence, kwa heshima yake.

Mei 1856 ndiyo ninayowaambia wanafunzi waikariri, mengine wataelewa wenyewe. Tarehe 21 kundi la watetezi wa utumwa liliingia mji wa Lawrence, likachoma hoteli na kuvunja mitambo ya magazeti. Tarehe 22, huku Washington, Seneta Charles Sumner wa Massachusetts amekaa kwenye meza yake ndani ya ukumbi wa Seneti, kikao kimeahirishwa, anashughulika na barua. Alikuwa ametoka kuhutubia siku mbili juu ya Kansas na kumdhihaki seneta mzee Butler wa Carolina Kusini, ambaye hakuwepo ukumbini. Akaingia Preston Brooks, mbunge wa bunge la chini, jamaa yake Butler, ana bakora yenye kichwa cha dhahabu. Akamcharaza kichwani. Sumner alikuwa pandikizi la mtu, miguu yake imebanwa chini ya meza iliyokazwa sakafuni. Katika kujinasua akaing'oa meza, huku damu imemjaa machoni haoni kitu. Brooks aliendelea mpaka bakora ikavunjika.

Faini yake ilikuwa dola 300. Akajiuzulu, watu wa jimbo lake wakamchagua tena, na wengine wakamtumia bakora mpya kama zawadi. Massachusetts nao wakamchagua tena Sumner, na kiti chake kikakaa kitupu karibu miaka mitatu akijiuguza. Kila mbunge aliyeingia alikiona.

Na usiku wa tarehe 24, mtu mmoja mwenye hasira za kidini, John Brown, akaenda na wanawe kwenye kijito cha Pottawatomie huko Kansas, wakawatoa wanaume watano wa upande wa utumwa majumbani mwao na kuwaua kwa panga. Yote ndani ya wiki moja.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Mwaka 1790 watumwa walikuwa kama 700,000, na hata baadhi ya wenye watumwa walidhani utumwa utajifia taratibu. Mwaka 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ya kuchambua pamba, ile kazi inayofanywa na vinu vyetu vya pamba. Pamba iliyokuwa haina faida kwa ugumu wa kutoa mbegu ikawa dhahabu. Kufikia 1860 watumwa walikaribia milioni 4, na pamba peke yake ilizidi nusu ya thamani ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje. Hivyo mtu wa 1800 angeweza kusema tusubiri. Mtu wa 1860 hawezi.

Lakini mimi hilo siliweki kuwa jibu lote. Kutofautiana walitofautiana miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba kila chombo kilichokuwa kinawakalisha pande mbili chumba kimoja kilikatika. Wamethodisti waligawanyika 1844, ugomvi ni kama askofu anaweza kumiliki watumwa. Wabaptisti 1845. Chama cha Whig, kilichokuwa na watu Kaskazini na Kusini, kilikufa baada ya sheria ya Kansas, na mahali pake Kaskazini kikazuka chama cha Republican ambacho Kusini hakikuwa na mtu. Kikabaki chama cha Democratic peke yake. Aprili 1860 wakaenda kufanya mkutano wa kuchagua mgombea urais Charleston, Carolina Kusini, mji mbaya kuliko yote kwa kazi hiyo, wajumbe wa Kusini wakatoka nje, chama kikasimamisha wagombea wawili.

Uchaguzi wa Novemba ukawa na wagombea wanne. Abraham Lincoln wa Republican alipata kama asilimia 40 ya kura, na katika majimbo kumi ya Kusini hakupata hata kura moja, hapakuwa na karatasi zenye jina lake. Akashinda kihalali. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Alabama: rais amepatikana bila yeye kuombwa chochote. Desemba 20 Carolina Kusini ikajitoa. Kufikia Februari yakawa majimbo saba. Aprili 12, 1861 watu wa Kusini wakaipiga mizinga Fort Sumter, ngome ya serikali kuu, na Lincoln alipoita askari, manne mengine yakafuata.

Nimechoka, naenda kufunga genge.

Bodaboda Cheyo (Tabora)

Mimi ndiye huyo dogo 😅 Shikamoo Mwalimu, nimesoma yote. Ila mbona Lincoln mwenyewe kwenye hotuba ya kuapishwa alisema hana nia ya kugusa utumwa pale ulipo? Kama haugusi, Kusini walikimbia nini? Ndiyo maana mimi nasema ushuru. Na yule mzee wa haki za majimbo ananisukuma hapa nimuulizie na lake.

Mwl. Mstaafu, Ujiji

Marahaba. Hapo umeuliza kama mtu mzima.

Alisema kweli, Machi 4, 1861. Na majimbo saba yalikuwa yameshaondoka. Chama chake kilitaka utumwa usienee kwenye maeneo mapya, basi. Ila wenye watumwa walikuwa na hesabu zao. Mpaka mwaka 1850 kila upande ulikuwa na majimbo 15, na kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili, hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake Seneti. Ikaingia California, ikaingia Minnesota 1858, Oregon 1859. Sasa ni 18 kwa 15, na Kansas iko njiani. Ukizuiwa kuongeza majimbo, siku moja wenzako watafika idadi ya kubadili katiba, na mali yako yote ni watu ambao sheria inaweza kuwaachia huru kwa kalamu. Hawakumkimbia Lincoln wa Machi ile. Walikimbia marais wa miaka 20 mbele.

Mwaka 1857 Mahakama Kuu ilijaribu kuwasaidia kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia na Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa kwenye maeneo yale. Badala ya kuzima moto ikawaambia Republican kwamba chama chao hakina kazi halali ya kufanya. Wakaongezeka.

Ushuru. Mwaka 1857 ushuru wa forodha ulishushwa, na Kusini wakafurahi. Ulipandishwa Machi 1861, wabunge wao wakiwa wameshajitoa na hawapo kuupigia kura ya hapana. Mtu hawezi kuhama nyumba Desemba kwa sababu ya kodi iliyopanda Machi.

Mzee wa haki za majimbo naye nimwombe asome sheria ile ya 1850. Serikali kuu inaingia Massachusetts inamkamata mtu, jimbo halitaki. Wisconsin walibishana nayo mpaka mahakamani. Nani aliyekuwa anatetea haki za jimbo hapo? Na Carolina Kusini walipoandika tamko la kujitoa walilalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanaikwamisha sheria hiyo. Mississippi waliandika wazi kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Makamu wa rais wa serikali mpya ya majimbo yaliyojitoa, Alexander Stephens, akasimama Savannah Machi 21, 1861 akasema jiwe la msingi la serikali yao mpya ni kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe. Katiba yao mpya ikakataza kutunga sheria ya kuondoa haki ya kumiliki watumwa. Wenyewe wamesema. Sioni kwa nini sisi wa Tabora na Ujiji tuwasaidie kuficha.

Ila mzee ana robo ya ukweli, nisimnyime kahawa yake. Kaskazini haikuingia vitani kukomboa watumwa, iliingia kuzuia nchi isimeguke. Majimbo manne yenye watumwa, Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, yalibaki upande wa Lincoln, na alikuwa anayaogopa. Watumwa wenyewe ndio waliosukuma jambo, wakitoroka kwa maelfu kuingia kambi za jeshi la Kaskazini mpaka makamanda wakakosa pa kuwaweka. Tangazo la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilitoka Januari 1, 1863. Wanaume weusi kama 180,000 wakavaa sare za jeshi hilo. Utumwa wenyewe ulikatazwa na katiba Desemba 1865, Lincoln ameshauawa tangu Aprili. Waliokufa vitani hawapungui 620,000, na watafiti wengine wanafika 750,000.

Kwa hiyo Kusini waliondoka kwa ajili ya utumwa, na Kaskazini wakawafuata kwa ajili ya muungano. Mtahini akiuliza sababu za vita, binti aandike zote mbili na aseme ipi ya nani. Hizi orodha za sababu kumi zinazonakiliwa ubaoni bila kusema nani alitaka nini sijawahi kuzipenda.

Mama Mawese wa Mwanga (Kigoma)

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mjukuu wa Wamanyema, watu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Bibi mzaa bibi alivushwa ziwa akiwa mtoto akauzwa hapo Ujiji, na kwetu habari hiyo ukiiuliza mbele ya wageni unafinywa. Sasa nauliza: huku nako kulikuwa na mabwana na watumwa, tena wengi. Mbona kwetu hakukuwa na vita kama hiyo? Au ile vita ya Mirambo na Waarabu ndiyo yenyewe?

Mwl. Mstaafu, Ujiji

Marahaba mama yangu. Ya Mirambo hapana. Ile ya 1871, ya mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, ilikuwa kugombea njia ya misafara na hongo, yaani ushuru wa kupita. Aliifunga njia ya kuja Ujiji mpaka msafiri Stanley akalazimika kuzunguka kusini, lakini Mirambo hakupigana kuondoa utumwa, naye alikuwa na mateka wake.

Kule ilikuwa vita kwa sababu wenye watumwa walikuwa na kura, viti bungeni, magavana na majeshi ya majimbo, na walikuwa wanapoteza mkono wa usukani wa serikali ambayo ni yao. Huku hakukuwa na bunge la kushindwa. Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba 1873 kwa kubanwa na Waingereza, soko la Unguja likafungwa na biashara ya baharini ikakatazwa, lakini bara watu waliendelea kuuzwa. Wajerumani walipokuja hawakuufuta. Walitoa hati za uhuru, kisha wakaamuru watoto wanaozaliwa baada ya mwaka 1905 wahesabiwe huru, wazazi wao wabaki vile vile. Sheria ya kuufuta kabisa ililetwa na Waingereza mwaka 1922. Wengi hawakusubiri karatasi. Waliondoka tu kwa bwana wakati wa vita kuu ya kwanza, wakalima kwao au wakajifanya watu wa mtaa mwingine, na mabwana hawakuwa na nguvu ya kuwafuata.

Kama bibi yako, binti wa huyo aliyeuzwa, alizaliwa kabla ya 1906 na mama yake hajapata uhuru, mbele ya serikali ya Mjerumani alikuwa mtumwa. Wanaomfinya mtoto akiuliza hivyo wanajua wanachokificha, na mimi nadhani watoto waulize tu.